Data tele, hoja hakuna: uchambuzi wa insha moja ya mwaka wa kwanza kuhusu asili ya Kiswahili

Swali lilikuwa hili: «Wingi wa maneno ya Kiarabu katika Kiswahili hauthibitishi kwamba Kiswahili ni Kiarabu. Tathmini kauli hii kwa kutumia ushahidi wa kiisimu na wa kihistoria. Maneno 1,500.» Alama ni 20: hoja 8, ushahidi 6, mpangilio 4, lugha na marejeo 2. Rasimu hupelekwa kwa mhadhiri kwanza, ikarudi na maoni pamoja na alama za muda, kisha mwanafunzi huandika upya.

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini makosa yake yote ni ya kweli. Yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la insha za mwaka wa kwanza katika idara ya Kiswahili atayatambua moja moja. Tumechagua swali la asili ya Kiswahili kwa sababu ndilo linalowaponza wanafunzi wenye bidii. Kila mmoja amelisoma tangu sekondari, ana daftari limejaa, na anapokaa kuandika anamwaga alichonacho. Rasimu tunayoichambua haina upungufu wa taarifa wala Kiswahili kibovu. Ilipata 8 kati ya 20, na maoni ya mhadhiri yalikuwa mstari mmoja: una data, huna hoja.

Rasimu ilivyokuwa

Ilikuwa na maneno 1,640 katika aya 12. Utangulizi ulichukua 310: maana ya lugha, umuhimu wa lugha kwa mwanadamu, kisha tangazo kwamba zipo nadharia nne kuhusu asili ya Kiswahili. Nadharia ya Kiarabu ilipewa maneno 240, nadharia ya vizalia (kwamba Kiswahili kilizaliwa na ndoa za Waarabu na wanawake wa pwani) 190, nadharia ya kwamba Kiswahili kilianzia Kongo 150. Ushahidi wa kiisimu ukapata 380, wa kihistoria 290, hitimisho 80.

Jumlisha sehemu mbili zilizotajwa na swali lenyewe, kiisimu na kihistoria: maneno 670. Yaani chini ya nusu ya insha ndiyo iliyofanya kazi iliyoombwa, tena inaanza baada ya ukurasa wa pili, msomaji akiwa ameshachoka. Mgawanyo huu wa maneno ni kipimo cha haraka kuliko vyote, na hauhitaji kujua somo. Hesabu maneno ya kila sehemu, linganisha na swali. Kama sehemu nene si ile inayobeba swali, insha imepinda kabla hata hujasoma sentensi moja.

Kwa nini ilipinda hivyo? Kwa sababu ilifuata mpangilio wa daftari. Mhadhara uliotangulia ulieleza nadharia moja baada ya nyingine, kwa hiyo insha nayo ikaeleza nadharia moja baada ya nyingine. Mhadhara hufundisha mada nzima. Swali hukata kipande kimoja cha mada hiyo. Aliyebeba mpangilio wa mhadhara hadi kwenye insha amejibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Swali linaomba nini

Kitenzi ni *tathmini*. Kingekuwa *eleza*, kueleza kungetosha. Kingekuwa *jadili*, pande mbili zingewekwa mezani na kushindanishwa. Tathmini inadai zaidi: pima, kisha toa hukumu, na uonyeshe mizani uliyotumia. Rasimu haikuwa na mizani popote. Haikusema ni kitu gani hasa kinachoiingiza lugha katika familia fulani: msamiati wake, sarufi yake, matamshi yake, au watu wanaoizungumza. Bila hilo, kila ushahidi unaoletwa unaelea.

Halafu kuna kauli yenyewe. Haisemi «Kiswahili ni Kibantu». Inasema kwamba jambo moja (wingi wa maneno) halithibitishi jambo jingine (unasaba, yaani ukoo wa lugha). Hii ni kauli kuhusu thamani ya ushahidi, na tofauti hiyo ndiyo iliyompita mwandishi. Nadharia ya Kongo, kwa mfano, haihusiani kabisa na maneno ya Kiarabu. Maneno yake 150 yangefutwa yote na insha isiumie. Nadharia ya vizalia ina uhusiano kidogo, kwa kuwa nayo hutegemea kuchanganyika kwa watu, lakini inahitaji sentensi mbili tu. Maana ya lugha haihitajiki kabisa. Mhadhiri wa isimu anajua lugha ni nini.

Sentensi moja kwa kila aya

Hatua ya kwanza ya kurekebisha haikuwa kuandika. Ilikuwa kuchapa rasimu, kuchukua kalamu, na kuandika pembeni mwa kila aya sentensi moja kamili inayosema aya hiyo inadai nini. Sharti ni kwamba iwe sentensi, yenye kiima na kitenzi. «Ngeli» si sentensi. Ni kichwa cha habari. «Wageni waliofika pwani» pia ni kichwa.

Zoezi hili huchukua nusu saa na linauma. Kati ya aya 12, tano tu ziliweza kupewa sentensi. Aya ya 3 ilidai kwamba wanaokiita Kiswahili Kiarabu hutegemea wingi wa maneno. Aya ya 4 ilidai kwamba hata jina la lugha limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Aya ya 7 ilidai kwamba maneno ya msingi ni ya Kibantu, ya 8 kwamba ngeli ni za Kibantu, na ya 12 kwamba nadharia zote zina ukweli kiasi. Aya saba zilizobaki zilikuwa na mada tu, hazikuwa na dai.

Sasa soma hizo tano mfululizo. Ya 12 inaipinga ya 7 na ya 8. Mwandishi aliona ushahidi wa Kibantu, akauandika, kisha mwishoni akaogopa kuamua. Uoga huu huvaa joho la unyenyekevu wa kitaaluma, lakini wahadhiri wengi hawadanganyiki nao: aliyeambiwa atathmini akamaliza kwa «kila nadharia ina ukweli wake» hajatathmini.

Kuna jaribio jingine la haraka. Kata aya za katikati kwa mkasi, zichanganye, mpe mwenzako azipange. Akizipanga kwa namna yoyote na insha ikasomeka vilevile, basi hapakuwa na mpangilio, kulikuwa na foleni tu. Katika rasimu hii aya ya 5 hadi ya 11 zilibadilishana nafasi bila shida, kwa sababu viunganishi vilivyozifungua vilikuwa *pia*, *vilevile*, *aidha*, *vilevile* tena, *mbali na hayo*. Viunganishi hivyo huongeza tu. Hakuna hata kimoja kinachosema hoja hii inatoka wapi au inaipinga ipi. Kuvibadilisha peke yake hakusaidii. Ukiandika *kwa hiyo* mahali ambapo hakuna cha kufuatia, umeongeza uongo juu ya fujo.

Dai kuu liliandikwa mara tatu

Dai la kwanza, lililokuwa kwenye rasimu: «Insha hii itajadili asili ya Kiswahili.» Hilo ni tangazo la safari, halina pa kufikia.

La pili, baada ya zoezi la aya: «Kiswahili ni lugha ya Kibantu.» Ni kweli, lakini linajibu swali jingine. Wengi huishia hapa na kudhani wamefika.

La tatu: «Kauli ni sahihi, kwa sababu unasaba wa lugha hupimwa kwa sarufi yake na kwa msamiati wake wa msingi, si kwa jumla ya maneno iliyokopa; kwa vipimo hivyo Kiswahili ni Kibantu, na maneno mengi ya Kiarabu yenyewe yamelazimika kufuata sarufi hiyo.»

Hili la tatu lina faida ambayo yale mawili hayana: linapanga insha lenyewe. Ukilisoma polepole unaona aya zinavyofuatana. Kwanza kipimo: kwa nini sarufi na msamiati wa msingi vina uzito kuliko jumla ya maneno? Pili msamiati: Kiarabu kimeingia kiasi gani, na kimeingia wapi? Tatu sarufi. Nne maneno ya mkopo ndani ya sarufi hiyo. Historia inafuata kueleza maneno hayo yalifikaje. Huwezi kuchanganya mpangilio huu kwa mkasi, kwa sababu ya nne haieleweki kabla ya ya tatu.

Mpango mpya wa maneno ukawa: utangulizi 130, kipimo 150, msamiati 330, sarufi 260, mikopo ndani ya sarufi 270, historia 240, hitimisho 120. Jumla 1,500. Namba hizi si sheria, lakini kuziandika kabla ya kuanza humzuia mtu kutumia maneno 300 kueleza umuhimu wa lugha. Kila aya ilipewa sentensi yake kabla haijaandikwa. Kwa hiyo zile saa za kuandika zilikuwa chache. Muda mwingi uliishia kwenye kupanga, na ndivyo inavyotakiwa.

Msamiati: kubali kwanza

Sehemu hii ndiyo iliyobadilika kuliko zote, na ndiyo yenye mitego mingi.

Rasimu iliandika: «Maneno yote ya msingi katika Kiswahili, kama vile viungo vya mwili na hesabu, ni ya Kibantu.» Neno *yote* limeua sentensi. Mhadhiri hahitaji kufungua kitabu; anajibu kwa maneno mawili: *damu* na *samaki*. Yote mawili yametoka Kiarabu, na yote mawili yamo katika orodha ya Swadesh ya maneno 100, ile orodha ambayo wanaisimu huitumia kupima msamiati wa msingi. Hesabu nazo zina lao: *moja*, *mbili*, *tatu*, *nne*, *tano*, *nane* na *kumi* ni za Kibantu, lakini *sita*, *saba* na *tisa* ni za Kiarabu, na makumi kuanzia *ishirini* pia.

Mwanafunzi anapokutana na mifano hiyo hushawishika kuificha. Kosa kubwa. Ushahidi unaokupinga, ukiuleta wewe mwenyewe, unakuwa mali yako; ukiletwa na msahihishaji, unakuwa alama zilizopotea. Insha mpya iliukubali waziwazi, ikasema kwamba Kiarabu hakikuishia kwenye dini, sheria na biashara, bali kimegusa hata msamiati wa msingi. Kisha ikauliza swali la upimaji: kimegusa kiasi gani, na kwa kuongeza au kwa kubadilisha? Hapa mfano wa hesabu ukageuka kuwa silaha. Kiswahili kilikuwa na *kenda* kwa tisa, neno ambalo bado linasikika kwa wazee na katika tenzi. *Fungate*, tunalolijua leo kama siku saba za maharusi, lilikuwa ndilo saba lenyewe. Kwa hiyo maneno ya Kiarabu yalikuja juu ya mfumo wa Kibantu uliokuwapo tayari, yakachukua nafasi za baadhi ya namba na kuziacha nyingine. Mkopo hauwezi kuchukua nafasi ya kitu kisichokuwapo.

Angalia kilichotendeka. Data ni zilezile za daftari, isipokuwa *kenda* na *fungate*. Kilichobadilika ni kwamba kila neno sasa linamjibu mtu. Katika rasimu, *tatu* na *nne* vilikuwa mifano. Katika insha mpya ni jibu kwa anayesema «lakini mbona sita na saba?»

Tukiwa hapohapo: rasimu ilidai pia kwamba silabi zote za Kiswahili huishia na irabu. *Labda*, *maktaba*, *daftari*. Hapana. Na hata maneno ya asili yana /m/ inayojitegemea kama silabi, kwa mfano katika *mtu*. Sentensi hiyo iliondolewa, kwa sababu kuirekebisha kungehitaji aya nzima ya fonolojia ambayo swali halikuihitaji. Kuacha hoja dhaifu ni sehemu ya kupanga.

Aya moja, kabla na baada

Aya ya 8 ya rasimu ilisomeka hivi:

«Ushahidi mwingine ni ngeli. Ngeli ni makundi ya nomino. Kiswahili kina ngeli nyingi, kwa mfano mtu–watu, kiti–viti, mti–miti. Hii inaonyesha kwamba Kiswahili ni Kibantu. Pia kuna upatanisho wa kisarufi, kwa mfano watu wawili wamekuja.»

Hakuna kosa la ukweli ndani yake, na bado haithibitishi kitu. *Mtu–watu* inaonyesha kwamba Kiswahili kina ngeli. Kwamba ngeli hizo ni za Kibantu ni dai la ulinganisho, na ulinganisho unahitaji upande wa pili. Aya haina hata lugha moja nyingine. Hili ndilo kosa la mara kwa mara katika insha za isimu linganishi: mwandishi anajua lugha nyingine zinafanana na Kiswahili, kwa hiyo anasahau kwamba msomaji hajaonyeshwa.

Katika insha mpya aya iligawanyika mbili. Ya kwanza ilileta ulinganisho: *watu wawili* kwa Kiswahili, *abantu babiri* kwa Kiganda, *anthu awiri* kwa Kichewa, *abantu ababili* kwa Kizulu, halafu *vitu viwili*, *ebintu bibiri*, *zinthu ziwiri*. Si shina peke yake linalofanana. Kiambishi cha nomino kinarudi kwenye namba, na kinabadilika pamoja na ngeli. Maneno hukopwa kwa urahisi. Mfumo mzima wa upatanisho, unaofanya kazi kwa namna ileile kutoka Kampala hadi Durban, si kitu cha kukopa sokoni. Ya pili ikawa hii, tunainukuu yote kwa sababu ndiyo bora katika insha:

«Maneno ya Kiarabu yenyewe yanashuhudia kwamba sarufi inayotawala si ya Kiarabu. *Kitabu* limetokana na *kitab*, ambalo wingi wake katika Kiarabu ni *kutub*. Kiswahili hakikuuchukua wingi huo. Kilichukulia silabi ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha ngeli, kikaunda *vitabu*. Vivyo hivyo wingi wa *waziri* ni *mawaziri*, si *wuzara*. Vitenzi *safiri* na *samehe* havikupata irabu -a inayofunga vitenzi vya asili kama *pika* na *lima*, lakini hunyambulika kama vitenzi hivyo: *safirisha*, *samehewa*. Kama Kiswahili kingekuwa Kiarabu, maneno haya yangekuja na mwenendo wake wa kwao. Yamekuja bila huo mwenendo, na hivyo wingi wake unathibitisha mawasiliano, hauthibitishi unasaba.»

Sentensi ya kwanza ndiyo dai la aya. Mifano inafuata, kutoka nomino hadi vitenzi. Sentensi ya vitenzi inakiri jambo linaloonekana kuipinga (irabu ya mwisho haikubadilika) kabla ya kulishinda. Ya mwisho inarudi kwenye kauli ya swali. Aya hii haina ufafanuzi wa ngeli wala wa mnyambuliko, na haihitaji.

Guthrie si ushahidi, na Al-Masudi hatoshi

Rasimu iliandika kwamba «Guthrie alithibitisha kuwa Kiswahili ni Kibantu kwa kukipa alama ya G42». Sentensi hii imo katika mamia ya madaftari na inafaa kung'olewa. Alama si uthibitisho. Malcolm Guthrie, mwanaisimu Mwingereza wa lugha za Kibantu, katika uainishaji wake wa 1948, aligawa eneo la Kibantu katika kanda kwa herufi, na jiografia ilikuwa na nafasi kubwa katika kanda hizo. Ushahidi upo ndani ya mfumo wenyewe: Kiswahili kimo G, lakini Kipokomo na Kimijikenda vimo E, ilhali utafiti wa wanaisimu Nurse na Hinnebusch (1993) unaziweka lugha hizo pamoja na Kiswahili, Kikomoro na Kielwana katika kundi moja la lugha za Kisabaki. Kwa hiyo namba G42 inamwambia msomaji mahali pa kuitafuta lugha kwenye orodha. Udugu wake unaonyeshwa na mfanano wa kimfumo wa sauti na maumbo, na hoja hiyo inamfaa mwandishi zaidi, kwa sababu wasemaji wengi wa lugha hizo ndugu wanaishi pwani ileile iliyofikwa na Waarabu.

Tatizo la pili hapo ni la marejeo. Mwandishi hakumsoma Guthrie. Alimkuta kwenye maelezo ya mhadhara. Kuandika (Guthrie, 1948) kana kwamba ulimfungua ni udanganyifu mdogo unaogunduliwa kirahisi, maana wanafunzi wote wa darasa hunukuu kosa lilelile. Dawa ni mbili: kiri kwa kuandika «kama alivyonukuliwa na», ukimtaja uliyemsoma kweli, au nenda maktaba. Insha mpya ilifanya la kwanza kwa Guthrie, la pili kwa Nurse na Hinnebusch.

Upande wa historia, rasimu ilipanga wasafiri na wanajiografia wa kale walioandika kwa Kiarabu kama abiria kwenye orodha ya meli: Al-Masudi, Al-Idrisi, Ibn Battuta, kila mmoja na mwaka wake. Kila alipoulizwa «huyu anathibitisha nini kuhusu *lugha*?», wengi walikosa jibu. Ibn Battuta, aliyezitembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ni shahidi mzuri wa miji na Uislamu wa pwani. Kuhusu unasaba wa Kiswahili hatusaidii sana. Aliyebaki ni Al-Masudi, aliyekuwa pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, kwa kuwa anataja jina la watawala ambalo wanahistoria wengi hulisoma *wafalme*. Kama usomaji huo ni sahihi, kiambishi *wa-* cha wingi kilikuwa kinatumika miaka zaidi ya elfu moja iliyopita.

*Kama.* Katika maandishi ya Kiarabu herufi fa na qaf hutofautiana kwa nukta, na nakala hazikubaliani, kwa hiyo ushahidi huu hauwezi kubeba hoja peke yake. Insha mpya ililisema hilo, ikaipa historia kazi ndogo zaidi na iliyo salama: kueleza kwamba biashara na dini vilidumu karne nyingi pwani, na kwamba muda huo unatosha kueleza wingi wa maneno bila kuhitaji kubadilisha ukoo wa lugha. Mwandishi anayeujua udhaifu wa shahidi wake humpa swali analoweza kulijibu.

Utangulizi na hitimisho

Viliandikwa mwisho. Utangulizi ulikuwa na sentensi sita: mbili zikieleza kwa nini wingi wa maneno huwashawishi watu, moja ikigusa nadharia ya vizalia, moja ikitaja vipimo, moja ikiwa dai kuu, na moja ikisema historia itatumika kwa kiasi gani. Hakuna «tangu enzi na enzi».

Hitimisho la rasimu lilirudia vichwa vya sehemu. Jipya lilipanga ushahidi kwa uzito: upatanisho wa ngeli kwanza, tabia ya maneno ya mkopo pili, msamiati wa msingi tatu kwa kuwa nao umeguswa na Kiarabu, historia mwisho. Hiyo ndiyo tathmini iliyoombwa. Likaongeza mpaka wa dai: insha haikukanusha kwamba Kiarabu kimekibadilisha Kiswahili, hata kwenye sauti kama *th*, *dh* na *gh*, imekanusha tu kwamba badiliko hilo ni unasaba.

Alama nne zilizobaki

Insha ilirudi na 16: hoja 6, ushahidi 5, mpangilio 3, lugha na marejeo 2.

Alama ya mpangilio ilipotea kwenye historia. Ikiwa mwishoni, baada ya sarufi na mikopo, ilisomeka kama kiambatisho. Mhadhiri angependa ije mara tu baada ya kipimo, ili msomaji ajue maneno yalivyofika kabla ya kuona yalivyopokelewa. Sisi tunaona pande zote mbili zina haki. Historia ikitangulia, mtiririko wa wakati unakuwa rahisi, lakini ushahidi dhaifu unakaa mbele. Ukiichagua nafasi ya mwisho, andika sentensi moja ya daraja inayosema kwa nini inakuja sasa. Sentensi hiyo ndiyo iliyokosekana.

Alama ya ushahidi na mbili za hoja zilipotea mahali pamoja. Aya ya mikopo ilisema maneno mengi ya Kiarabu yalifuata sarufi ya Kibantu, lakini ikanyamaza kuhusu yale yasiyofuata. Tunasema *watu wawili*, *watu watatu*, lakini *watu sita*. Tunasema *kitu kizuri*, lakini *kitu rahisi*, *kitu safi*, *kitu ghali*, bila kiambishi. Kando ya aya mhadhiri aliandika maneno hayo manne tu na alama ya kuuliza. Jibu lilikuwapo: sifa na namba hizo zimebaki nje ya upatanisho, na kubaki kwake nje ndiko kunakozitambulisha kama wageni ndani ya mfumo usio wao. Lingechukua maneno kama 40, na nafasi ilikuwapo, kwani insha iliishia kwenye 1,448.